Diski Irudishwapo Dukani, Siri za Wanafunzi Zaenda Wapi?

“Mali ikishauzwa hairudishwi.” Maneno haya huchapwa kwa Kiingereza chini ya risiti nyingi zinazotolewa madukani mwetu, kuanzia Mombasa hadi Kisumu, na mnunuzi wa kawaida huyasoma kama asomaye hukumu isiyokatiwa rufani. Hulipa, huikunja risiti yake, na kitu kikimharibikia baada ya miezi miwili hunung’unika, humlaani mwenye duka akiwa njiani, kisha hununua kingine. Mimi nami, ingawa nimekula chumvi nyingi katika kazi ya ualimu na nimetumia umri wangu kuwafunza wengine kusoma kwa makini, nilikuwa mmoja wa wanunuzi hao hadi mwaka uliopita, diski ngumu ya tarakilishi iliponipa somo ambalo sikulitarajia. Somo lenyewe lilikuwa na sehemu mbili, na ya pili ndiyo iliyonikosesha usingizi.

Diski hiyo ilikuwa ya kubebwa mkononi, ya ukubwa wa daftari dogo, ile inayochomekwa ubavuni mwa tarakilishi kwa waya. Niliinunua mwezi wa Januari kwa shilingi 6,500, nayo ilikuwa na dhamana ya mwaka mmoja, au waranti kama wauzaji wapendavyo kuiita. Ndani yake niliweka alama za mitihani za miaka minne, maazimio ya kazi, mitihani ya majaribio niliyoitunga mwenyewe, na hazina moja ambayo thamani yake sikuiwazia hadi ilipokuwa karibu kupotea. Hazina hiyo ni rekodi za sauti ambazo wanafunzi wangu walikuwa wamezikusanya vijijini mwao katika somo la fasihi simulizi. Kulikuwamo ngano, vitendawili, nyimbo za jando, na bembelezi zilizoimbwa na mabibi ambao baadhi yao wamekwisha kutangulia mbele ya haki. Mwalimu mwenzangu wa ushauri nasaha naye, ambaye tarakilishi yake ilikuwa ya mtumba na ilizimika wakati wowote ipendapo, aliniomba nimhifadhie folda moja. Nilikubali bila kufikiri. Nitairudia folda hiyo.

Mwishoni mwa muhula wa pili, tulipokuwa tukijumlisha alama, diski ilianza kugonga. Iligonga mara tatu au nne, ikanyamaza, ikagonga tena, mfano wa saa ya ukutani iliyopotewa na majira. Faili iliyokuwa ikifunguka kwa kupepesa jicho sasa ilichukua dakika mbili, na nyingine hazikufunguka kamwe. Nilifanya yale ambayo naamini wengi wenu mngeyafanya. Niliichomoa na kuichomeka mara kumi. Niliigongagonga kwa kidole. Niliendesha programu ya ukarabati iliyomo ndani ya tarakilishi, nayo ikahangaika usiku kucha. Yote hayo yalikuwa makosa, na ili msomaji aelewe kwa nini, hatuna budi kufunua kifuniko cha diski, walau kwa mawazo.

Ndani ya diski ngumu mna sahani moja au zaidi zilizopakwa utando wa sumaku, zinazozunguka katika diski za kawaida za mkononi mara 5,400 kwa dakika, yaani mara 90 kwa kila sekunde. Juu ya kila uso wa sahani kuna kichwa kidogo kinachosoma na kuandika. Kichwa hicho hakigusi sahani; huelea juu yake kwa mwanya wa nanomita chache tu, na nanomita moja ni sehemu moja ya milioni ya milimita. Unywele wa binadamu, ukilinganishwa na mwanya huo, ni gogo la mvule lililoanguka barabarani. Kichwa kikigusa sahani hukwangua utando, na vumbi la mkwaruzo huo huzunguka humo humo likisababisha mikwaruzo mingine. Mlio wa kugonga niliousikia mara nyingi ni kichwa kinachotafuta njia yake, kinaikosa, kinarudi kilipoanzia na kujaribu upya. Kila niliyoyafanya yalikiongezea kichwa kigonjwa safari, na programu ya ukarabati ndiyo iliyokuwa mbaya zaidi, kwa maana ilidhani tatizo ni mpangilio wa maandishi ilhali tatizo lilikuwa chombo chenyewe. Humkarabati mgonjwa wa moyo kwa kumkimbiza uwanjani.

Hapa nikiri kwamba mashine hizi hunistaajabisha hata zinaponitesa. Diski ya kwanza ya aina hii, iliyotolewa na IBM mwaka 1956, ilikuwa na sahani 50, kila moja ikiwa na kipenyo cha inchi 24. Ilikuwa na uzito wa takriban tani moja na ilibeba herufi milioni 5 tu. Rekodi moja ya bibi mmoja anayeimba kwa dakika chache ingeijaza pomoni. Leo mwanafunzi hubeba katika mfuko wa kaptura chombo chenye nafasi mara laki kadhaa ya hiyo. Ndiyo maana tumesahau kwamba chombo chenyewe ni dhaifu.

Wenye viwanda nao hawatusaidii kukumbuka. Katika karatasi zao za maelezo hutuambia kwamba diski fulani ina wastani wa saa 1,000,000 kabla ya kuharibika. Mwalimu wa hisabati atagawanya hesabu hiyo kwa saa 8,760 za mwaka na kupata miaka 114. Je, yupo anayeamini kwamba diski yake itaishi kuliko kitukuu chake? Hesabu hiyo haihusu diski moja hata kidogo. Maana yake ni kwamba katika kundi kubwa la diski, chini ya moja katika kila mia itaharibika kwa mwaka. Hata hivyo, mwaka 2007 Bianca Schroeder na Garth Gibson wa Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon, Marekani, walichunguza kumbukumbu za diski zipatazo 100,000 zilizokuwa kazini katika vituo vikubwa. Walikuta kwamba diski zilizobadilishwa kila mwaka zilikuwa kwa kawaida kati ya asilimia 2 na 4, na katika vituo vingine zilifika asilimia 13. Mwaka huo huo watafiti wa kampuni ya Google walitoa matokeo yao kuhusu diski zaidi ya 100,000. Diski iliyoonyesha kosa lake la kwanza katika ukaguzi wa uso wa sahani ilikuwa na uwezekano mara 39 zaidi wa kufa katika siku 60 zilizofuata kuliko ile isiyo na kosa. Lakini walikuta pia kwamba zaidi ya nusu ya diski zilizokufa hazikuwa zimeonyesha hata moja katika zile dalili nne zilizo kuu. Kwa hiyo diski ikilalamika, isadiki, ikinyamaza, usiisadiki.

Aliyeniokoa ni kijana niliyemfundisha miaka ya nyuma, ambaye sasa ni fundi. Nilimpigia simu nikamweleza mlio. Jibu lake lilikuwa neno moja: “Zima, mwalimu.” Alikuja Jumamosi na tarakilishi yake, akanionyesha kwamba diski huwa na daftari la afya yake yenyewe, liitwalo SMART, ambamo huandika idadi ya sehemu za sahani ilizozihama kwa kuwa hazisomeki, na idadi ya zile zinazosubiri kuhamwa. Katika diski mpya idadi hizo hutarajiwa kuwa sufuri. Katika diski yangu zilikuwa mamia. Akaanzisha programu ya bure iitwayo ddrescue, ambayo hufanya kazi kinyume na nilivyofanya mimi: hunakili kwanza yale yanayosomeka kwa urahisi, huruka yanayogoma, na baadaye ndipo huyarudia yaliyogoma moja moja, huku ikiweka orodha ya ilipofika ili isirudie safari bure. Ilichukua siku mbili na usiku wake. Tulipata karibu kila kitu. Yaliyokataa yalikuwa faili chache za picha na rekodi tatu za sauti.

Kufikia hapo nilikuwa na haki mkononi na hasira moyoni. Nikaichukua diski, risiti na kisanduku, nikaenda dukani.

“Mzee, hii imeanguka,” kijana wa kaunta aliniambia kabla hajaigusa.

“Haijaanguka, kijana wangu. Tangu Januari imekaa juu ya meza moja.”

“Basi ni stima. Huko kwenu stima hupoteapotea.” Kisha akaigeuza risiti na kuniwekea kidole chini, pale penye maandishi madogo. “Na hapa imeandikwa. Ikishauzwa haturudishi.”

Zamani ningeondoka. Siku hiyo nilikuwa nimesoma kidogo kabla ya kutoka nyumbani, na ningependa kila mwalimu na kila mwanafunzi aliye na umri wa kushika pesa ayajue niliyoyasoma. Sheria yetu ya Uuzaji wa Bidhaa, Sura ya 31, katika kifungu cha 16, inaweka masharti ambayo si lazima yaandikwe popote ili yawe na nguvu. Ukimwarifu muuzaji unataka kitu kwa kazi gani, nawe unautegemea ujuzi wake, kitu hicho hakina budi kuifaa kazi hiyo. Na kitu kinachouzwa na mtu ambaye biashara yake ni kuuza vitu vya namna hiyo sharti kiwe cha ubora wa kuuzika. Katiba ya mwaka 2010, kifungu cha 46, inampa mtumiaji haki ya kupata bidhaa za ubora unaofaa, haki ya kupewa maelezo ya kumwezesha kufaidika nazo, na haki ya fidia pale kasoro inapomtia hasara. Sheria ya Kulinda Watumiaji ya mwaka 2012 ikaongeza kwamba maneno yoyote ya mkataba yanayokusudia kuyafuta masharti yale ya Sura ya 31 ni batili. Maandishi madogo ya chini ya risiti, basi, hayana ubavu ambao tumeyapa kwa miaka mingi kwa kuyaogopa.

Haimaanishi kwamba unaweza kukitumia kitu mwaka mzima kisha ukirudishe kwa kuwa umekichoka. Ukikaa nacho muda mrefu, haki ya kukikataa moja kwa moja hupotea, ingawa haki ya kudai fidia kwa kasoro iliyokuwamo hubaki. Na hapo ndipo dhamana ya kiwanda inapofaa, kwa maana hiyo huhesabiwa kwa miezi inayojulikana. Jambo ambalo wauzaji wengi hulifumba ni kwamba dhamana ya kiwanda ni nyongeza. Haimwondolei wajibu aliyepokea pesa zako. Anayekwambia “nenda ukazungumze na kiwanda” hali wewe hukununua chochote kutoka kiwandani, anakutuma kwa mtu ambaye hamna mkataba ili amkimbie yule ambaye mnao.

Hata hivyo dhamana za kiwanda si kitu cha kutegemea kama mlima. Zimekuwa zikirefuka na kufupika kama kivuli. Mwaka 2002 kampuni za Maxtor, Seagate na Western Digital zilipunguza dhamana za diski zao nyingi za mezani kutoka miaka 3 hadi mwaka 1. Mwaka 2004 Seagate ikapandisha ya kwake hadi miaka 5. Mafuriko ya Thailand ya mwaka 2011 yalizamisha viwanda, diski zikaadimika na bei zikapaa duniani kote, na mwaka huo ulipomalizika Seagate na Western Digital zikatangaza kuzipunguza tena dhamana za baadhi ya diski zao. Diski mbili zinazofanana sura, zilizonunuliwa katika duka moja, zaweza kuwa na dhamana tofauti kabisa. Njia ya kujua ni kuisoma nambari iliyo kwenye kibandiko cha diski na kuiandika katika tovuti ya kiwanda. Itakujibu dhamana inakwisha lini, na wakati mwingine itakujibu kwamba diski hiyo iliuzwa kama sehemu ya tarakilishi ya kampuni nyingine, au iliuzwa kwa ajili ya eneo jingine la dunia, hivyo kiwanda hakikutambui. Afadhali kulijua hilo kabla ya kulipa. Aidha, usikifungue kifuniko wala kukichana kibandiko, maana dhamana hufia hapo. Na kama ni wewe utakayeituma kwa njia ya posta, ifunge katika mfuko wa kuzuia umeme tuli na kuizungushia sponji nene, kwani diski iliyotumwa ndani ya gazeti na utepe hukataliwa, na kwa haki.

Nilimweleza kijana wa kaunta machache katika hayo, kwa sauti ya darasani. Nikamwonyesha jibu la tovuti ya kiwanda na karatasi ya SMART niliyokuwa nimeichapisha. Nikamtajia pia Mahakama ya Madai Madogo, iliyoanza kazi Milimani mwaka 2021 na ambayo imeenea katika miji mingine, inayosikiliza madai yasiyozidi shilingi milioni 1 na kutakiwa kuyaamua katika siku 60, tena bila ya kumlazimu mtu kuajiri wakili. Sikuwa na nia ya kwenda huko kwa shilingi 6,500, lakini hilo sikulisema. Meneja akaitwa. Alikuwa mtu mpole, wala sina haja ya kumsingizia ubaya. Alitazama karatasi, akatikisa kichwa, akasema: “Sawa, mwalimu. Tuachie diski. Baada ya wiki tatu utapata nyingine.”

Nilishinda. Nilikuwa nimekwisha kuitia diski mkononi mwake nilipouliza, kwa udadisi tu wa kizee: “Na hii huenda wapi?”

“Nairobi, kwa mwenye kutuletea. Kutoka hapo sijui. Hurudishwa kiwandani, nadhani. Wakizitengeneza hupewa wengine.”

Hapo ndipo nilipoikumbuka ile folda.

Ndani ya folda ya mwalimu wa ushauri nasaha mlikuwa na maelezo ya watoto. Sitayataja, hata kwa mafumbo. Itoshe kusema kwamba mtoto humweleza mwalimu wa ushauri nasaha yale asiyoweza kumweleza mzazi, na mara nyingine yale yanayomhusu huyo mzazi. Yalikuwa na majina, madarasa na tarehe. Nami nilikuwa nimeyaweka juu ya kaunta ya duka, mbele ya foleni ya wanunuzi, ili yasafirishwe hadi mahali ambapo hata meneja hapajui, na huenda yakamfikia mtu mwingine ndani ya diski iliyotengenezwa upya. Kwa kweli diski unayopewa kwa dhamana aghalabu si mpya. Ni ya mtu mwingine iliyorudishwa na kukarabatiwa, nayo hurithi tu muda uliosalia wa dhamana ya ile ya kwanza, au miezi michache ukiwa umebaki kidogo. Sikuwahi kujiuliza zile zilizorudishwa zilirudi na nini ndani.

Nikamwomba meneja anirudishie, nikamwahidi kuileta kesho yake. Nilidhani kazi ni rahisi: nifute kila kitu.

Kufuta faili si kufuta yaliyomo. Ukifuta, tarakilishi huondoa jina katika faharasa tu, kama mtu achanaye ukurasa wa yaliyomo na kuziacha sura zote za kitabu mahali pake. Ili kuyaondoa maandishi yenyewe sharti uandike kitu kingine juu ya sahani yote, kuanzia mwanzo hadi mwisho. Kwa diski za siku hizi kuandika juu mara moja kwatosha, wala si mara saba kama wengine wanavyodai. Tatizo ni kwamba kazi hiyo huhitaji diski iliyo nzima. Yangu ilikuwa mgonjwa mahututi. Fundi wangu alipoanza kuiandika upya, ilikwenda kwa kusuasua hadi karibu theluthi, ikagonga, ikagoma, isirudi tena kuonekana katika tarakilishi. Isitoshe, zile sehemu za sahani ambazo diski ilizihama haziguswi na uandikaji wa kawaida. Yaliyokuwamo hubakia humo. Theluthi mbili za sahani hazikuwa zimefutwa, na aliye na vyombo vya kubadilisha kichwa angeweza kuyasoma.

Kuna atakayesema kwamba ni nani basi mwenye muda wa kuyasoma mambo ya shule ya mashambani. Mwaka 2003 Simson Garfinkel na Abhi Shelat, waliokuwa katika Chuo cha Teknolojia cha Massachusetts, walichapisha matokeo ya uchunguzi wao wa diski 158 walizozinunua zikiwa zimekwisha kutumika. Kati ya 129 zilizofanya kazi, ni 12 tu zilizokuwa zimefutwa sawasawa. Katika nyingine walikuta barua za watu, maelezo ya magonjwa, na maelfu ya nambari za kadi za benki. Mwaka 2009 wanafunzi wa uandishi wa habari kutoka Kanada walinunua diski chakavu katika soko moja nchini Ghana, na katika mojawapo wakakuta nyaraka za mikataba ya kampuni kubwa ya Marekani inayoihudumia serikali ya huko kwa mambo ya ulinzi. Ikiwa kampuni yenye walinzi langoni ilishindwa kuzifuta diski zake, sembuse mwalimu mwenye kabati lisilo na kufuli?

Sheria nayo haikuninyamazia. Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019 yaihesabu hali ya afya ya mtu, na habari za familia yake pamoja na majina ya wazazi wake, kuwa data nyeti, na inamtaka anayeshughulikia data za mtoto kuangalia maslahi ya mtoto huyo. Data zikivuja na kukawa na hatari ya kumdhuru mwenyewe, Kamishna wa Data anapaswa kuarifiwa katika saa 72. Nina hakika shule nyingi hazijui kwamba sheria hiyo inazihusu. Hudhani ni ya mabenki na kampuni za simu.

Nilikaa na mwalimu wa ushauri nasaha na mwalimu mkuu katika ofisi, diski ikiwa mezani kati yetu. Mwalimu mkuu, ambaye kazi yake ni kuhesabu senti, alikuwa wa kwanza kusema isirudishwe. Shilingi 6,500 zingepatikana. Jina la mtoto likishatoka halirudi. Mwenzangu hakusema neno. Alikuwa akinitazama mimi, na nilijua ni kwa nini: yeye alinikabidhi siri za watu, nami nikazitia katika chombo kisicho na mlango. Nilimwomba radhi mbele ya mwalimu mkuu. Alinisamehe, ingawa folda zake hajanikabidhi tena hadi leo, na anafanya vyema.

Kwa hivyo nilishinda kesi na kuikataa tuzo. Na hapa ndipo ninapoona dhuluma ambayo sijasikia ikizungumzwa katika magazeti yetu. Kampuni kubwa zinaponunua mitambo ya kuhifadhia data kutoka kwa Dell au HPE, zinaweza kulipa ada ya ziada ili diski ikiharibika zipewe mpya na ile mbovu ibaki mikononi mwao. Watengenezaji wanajua fika, basi, kwamba kuirudisha diski ni kurudisha siri. Wamelitafutia hilo dawa, wakaiwekea bei, na kuiuza kwa wenye uwezo. Shule, zahanati, ofisi ya chifu na mwanafunzi wa chuo kikuu mwenye tasnifu yake hawaulizwi. Wao huambiwa: tuachie diski. Naona ingefaa muuzaji alazimishwe kumwambia mnunuzi, kabla ya kupokea diski iliyoharibika, inakwenda wapi na itafanywa nini, na kumruhusu mwenye data za watoto au wagonjwa kuiharibu mbele ya shahidi na kuwasilisha kibandiko chake tu kama ithibati. Kiwanda hakitafilisika kwa hilo. Thamani ya diski mbovu si kubwa hivyo.

Hadi siku hiyo ifike, kinga iko upande wetu, nayo ni ya bei rahisi kuliko nilivyodhani. Fundi wangu aliiandaa diski mpya kwa programu ya bure iitwayo VeraCrypt, ambayo huyageuza maandishi yote kuwa fumbo kabla hayajafika kwenye sahani, na hayasomeki pasipo neno la siri. Ningaliifanya hivyo ile ya kwanza, ningaliirudisha dukani siku ile ile na kulala usingizi, hata kama sahani zingesomwa na shetani mwenyewe. Kinga hii lazima iwekwe diski ingali nzima. Ikishaanza kugonga umechelewa. Neno la siri nalo liandikwe na kufungiwa mahali, maana ukilisahau hakuna wa kukufungulia. Na nakala ziwe mbili, zikae katika nyumba mbili, kwa sababu hakuna dhamana niliyoisoma, na nimezisoma kadhaa sasa, inayoahidi kukurudishia yaliyokuwamo. Huahidi chombo kitupu.

Diski ya zamani fundi aliipasua mbele yetu watatu. Alitoboa sahani kwa keekee matundu manne, na mwalimu mkuu akaandika tarehe katika kitabu cha mali ya shule. Ndani yake sahani ilikuwa inang’aa kama kioo, na pembeni palikuwa na duara moja jembamba la kijivu, pale kichwa kilipokuwa kikikwaruza.

Zilibaki zile rekodi tatu. Mbili zilikuwa za vitendawili ambavyo wanafunzi wengine walikuwa wamevikusanya pia. Ya tatu ilikuwa bembelezi ya bibi wa msichana mmoja wa kidato cha tatu, na hiyo haikuwa na nakala popote. Simu aliyorekodia ilikuwa imekwisha kuuzwa. Nilipomwambia, msichana hakulia wala hakunilaumu. Aliomba tu aazimwe kinasa sauti cha shule kwa likizo ya Desemba. Alirudi nacho Januari. Bibi yake alikuwa amemwimbia tena, na wimbo upo, katika diski mbili na nyumba mbili. Lakini wa kwanza ulikuwa na beti tano na huu una nne. Bibi alisema anakumbuka kwamba kuna mwingine.